Wanaosoma upepo mbele ya moto

Ndugu wasikilizaji wa Kamina, na ninyi jamaa munaoishi katika vibanda vya majani baada ya kukimbia vijiji vyenu, mwezi wa nane umeingia. Majani yamekauka, upepo umeanza kupiga, na kila jioni moshi unaonekana upande wa pori. Leo tukumbuke historia ya watu wenye kazi moja: kusoma upepo mbele ya moto.

Kwetu kazi hiyo ni ya zamani. Wazee walichoma pori mapema, mwanzo wa kiangazi, wakati majani yalikuwa bado na maji kidogo. Moto ule ulikuwa mudogo, na sehemu iliyoungua ililinda kijiji wakati jua lilipokuwa kali. Wataalamu walikuja kulipima jambo hilo nyuma. Huko Ndola, inchi ya Zambia, katika pori la namna moja na letu, walianza jaribio mwaka wa 1933. Sehemu moja ilichomwa mapema, ingine mwisho wa kiangazi, ingine haikuchomwa kabisa. Kisha miaka mingi, pale walipochelewa miti ilikuwa karibu kwisha. Pale walipochoma mapema, miti ilibaki.

Marekani wana watabiri wa hali ya hewa wanaofuata wazima moto mpaka kambini. Wanawaeleza kama hewa itakauka na saa gani upepo utageuka. Lakini hata kule habari ilipotea njiani. Tarehe 6 Julai 1994, moto ulikuwa unawaka kwenye mulima Storm King, jimbo la Colorado. Watabiri walikuwa wamekwisha kutangaza kama upepo mukali unakuja. Tangazo halikufikia watu waliokuwa mulimani. Upepo ulipofika, moto ulipanda mulima mbio kuliko mutu. Wazima moto 14 walikufa.

Sisi tuna METTELSAT, shirika la serikali la hali ya hewa. Setelaiti Terra, iliyorushwa mwaka wa 1999, na Aqua ya mwaka wa 2002, zilionyesha ulimwengu namna pori zetu zinavyoungua kila mwaka. Lakini setelaiti haigongi mulango wa mutu.

Mwaka uliopita nilifika kwenye kambi moja kisha moto kupita. Mutu alikuwa anasafisha shamba saa sita ya muchana, upepo ukageuka. Mama mumoja alinionyesha mbegu zake za mahindi: majivu matupu. Alikuwa amezibeba tangu kijijini kwake.

Basi, mbele ya kuwasha, angalia upepo na uambie jirani. Usichome muchana. Palilia pembeni ya kibanda mpaka udongo uonekane. Na ukiona moshi unakuja, tuma mutoto mbio kwa shefu na kwetu kwenye redio. Habari ya upepo inaokoa mutu ikimufikia mbele ya moto.