Safari ya Ngamia na Nyati Kutoka Mikindani, Mwaka 1866

Katika pwani yetu ya kusini, baina ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, ngamia si mnyama wa kila siku. Punda twawajua, na ng'ombe twawajua. Ngamia twasikia habari zake katika vitabu. Hata hivyo, mwaka 1866 ngamia sita walishushwa pwani ya Mikindani, wakatwikwa mizigo, wakaelekezwa bara. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za safari ile, si kwa ajabu yake tu, bali kwa kuwa yatuonyesha jambo ambalo mara nyingi husomwa upesi na kupitwa: ni nani hasa aliyeubeba mzigo wa safari za bara.

Mwenye safari alikuwa Daktari David Livingstone. Ruvuma haukuwa mgeni kwake, maana aliuingia kwa vyombo mwaka 1861, na tena mwaka 1862. Mara hii alitoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, jina lake Penguin, nao wanyama wakapakiwa katika jahazi. Tarehe 22 Machi walifika mlango wa Ruvuma. Lakini wenyeji wa pwani ile wajua jinsi ilivyo: mikoko imesongamana na matope ni mengi, wala hapakuonekana mahali pa kumshushia ngamia. Basi wakarudi kaskazini, wakaingia ghuba ya Mikindani, na tarehe 24 Machi wanyama wakakanyaga nchi kavu.

Hesabu yao ilikuwa hii: ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi 3 pamoja na ndama 1, nyumbu 2 na punda 4. (Nyumbu tuwatajao ni wale wazaliwao na punda na farasi, si wale wa mwituni.) Watu wake walikuwa 36: askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani 10, vijana 9 wa Kiafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi, watu 2 wa Shupanga katika mto Zambezi, na vijana 2 wa Kiyao. Mmoja wa wale wa Shupanga aliitwa Susi, na mmoja wa wale Wayao aliitwa Chuma. Tuyashike majina hayo mawili.

Je, kwa nini alileta wanyama, na wafanya biashara wote wa pwani walisafiri kwa wapagazi? Livingstone alikwisha ona kusini mwa Afrika jinsi mbung'o anavyoua farasi na ng'ombe. Akawaza kwamba nyati wa mwituni huumwa na mbung'o wala hafi. Huenda nyati wa kufugwa naye akasalimika, na labda ngamia pia. Jambo hilo halikuwa dogo. Siku zile pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya vichwa na mabega ya watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Kama mnyama angeweza kupita katika nchi ya mbung'o, mwanadamu angetuliwa mzigo.

Tarehe 4 Aprili wakafunga safari. Kabla ya kuondoka, nyati mmoja alimpiga punda pembe, akamjeruhi vibaya hata ikawa lazima kumwua kwa bunduki. Wakazikata ncha za pembe za yule nyati, wakaenda zao.

Wakaingia katika nchi ya Wamakonde, kwenye vichaka vinene vya miinuko ile. Huko ndiko ilikodhihirika shida ambayo haikuwaziwa sana. Njia ya mpagazi ni nyembamba. Mtu mwenye mzigo kichwani huinama, hujipinda, akapita. Ngamia ni mrefu, na mizigo yake imetanda huku na huku; matawi humzuia na miti humbana. Ikawa lazima kuajiri Wamakonde wenye mashoka, wakatangulia kufyeka, ngamia wakafuata nyuma. Ndipo twaona ya kuwa wanyama walioletwa kumpunguzia mtu kazi waliongeza kazi ya mtu. Majina ya wakata miti wale hatukuachiwa, lakini kila hatua ya ngamia ilikuwa kwanza pigo la shoka la Mmakonde.

Mbung'o nao walikuwapo. Waliwauma ngamia na nyati tangu mwanzo wa safari, na kadiri siku zilivyopita wanyama wakadhoofika, wakaanza kufa. Lakini si mbung'o peke yake aliyewaua. Askari waliopewa kazi ya kuwachunga waliwatwika kupita kiasi, wakawapiga kwa fimbo hata wakatoka vidonda. Livingstone alisikitika, maana hakuweza tena kupambanua ni yupi aliyekufa kwa mdudu na ni yupi aliyekufa kwa fimbo. Yule ndama wa nyati askari walimchinja wakamla, kisha wakasema kwamba ameliwa na chui-milia wa kwao Bara Hindi. Livingstone akawauliza kama waliiona milia yake. Wakajibu wote kwamba waliiona wazi. Nao mnyama huyo hayupo katika mwitu wa Afrika.

Sababu ya maradhi ilikuja kujulikana baadaye. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari David Bruce alitambua vijidudu katika damu ya ng'ombe wagonjwa, akaonyesha kwamba huchukuliwa na mbung'o. Nyati na paa wa mwituni huwa navyo damuni bila kufa. Wanyama wageni huangamia. Kwa hiyo, hata kama wale ngamia wangalitunzwa vema, nchi ile isingaliwaachilia.

Mwezi wa Mei msafara ulifika Ngomano, mahali mto Lugenda unapokutana na Ruvuma. Nchi ilikuwa na njaa, kwa kuwa imeshambuliwa na wavamizi. Mwezi wa Juni, katika njia ile, waliona maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti: mtumwa aliyeshindwa kwenda. Mnyama aliyeshindwa aliachwa njiani, na mtu aliyeshindwa aliachwa vivyo hivyo.

Mwezi wa Julai wakafika Mwembe kwa Mataka, mfalme wa Wayao, na huko Livingstone akawaachisha kazi wale askari, warudi pwani. Tarehe 8 Agosti akafika ziwa Nyasa. Mwezi wa Septemba watu wa Nzwani walimkimbia, wakaenda kutangaza Unguja kwamba amekwisha kufa. Waliosalia walikuwa wachache.

Lakini Chuma na Susi hawakurudi nyuma. Alipokufa kweli, tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, wao na wenzao waliuchukua mwili wake mabegani, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Katika safari ile iliyoanza Mikindani kwa ngamia na nyati, mzigo wa mwisho ulichukuliwa na watu. Mwaka 1875 Chuma akawa kiongozi wa msafara wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi hata Mwembe. Na mwaka uliofuata, 1876, Masasi ikaanzishwa kwa watu waliokombolewa utumwani. Hivyo mmoja wa wale 36 wa Mikindani ana sehemu katika mwanzo wa habari zetu.

Wala mambo hayo hayakuishia hapo. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 farasi na nyumbu wa majeshi ya Kiingereza walikufa kwa maelfu katika nchi hizi, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Askofu Frank Weston wa Unguja aliongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Wadachi lilivuka Ruvuma karibu na Ngomano ile ile, na wapagazi wake pamoja nalo.

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo ilivyo kwetu tusomao: twaona jina la msafiri, twahesabu siku zake, tukadhani mzigo ulikwenda wenyewe. Twawaomba waalimu, wanapowafundisha watoto habari za mto Ruvuma, wamtaje Livingstone kwa haki yake. Kisha wawaulize watoto: njia ilikatwa na nani, na mizigo ilichukuliwa na nani? Katika vijiji vya Mikindani, Newala na Masasi, huenda mtoto akaenda nyumbani na swali hilo, akakuta jibu lake katika ukoo wake mwenyewe.