Kila Bunduki na Risasi Yake

Sisi tukaao kaskazini mwa Ziwa Nyasa, toka Mwaya hata mto Songwe, tumesikia mengi ya vita vya Wadachi na Waingereza. Wasimuliaji husifu bunduki, risasi hawaitaji. Lakini mambo ya vita vile hayafahamiki vema mpaka mtu ajue neno hili: kila bunduki ina risasi yake, na risasi ya bunduki nyingine haifai, hata kama yaingia.

Tarehe 9 Septemba 1914 jeshi la Wadachi, lenye askari wa boma la Masoko, lilikwisha vuka Songwe, likaishambulia Karonga, likarudishwa nyuma. Siku zile askari wengi wa Wadachi walichukua Mauser ya mwaka 1871. Tundu la mtutu wake lilikuwa milimita 11, nayo ilitumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi, na adui akajua mpigaji alipo. Mauser ya mwaka 1898 ilitumia risasi ya milimita 7.9 na baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa zaidi. Chuma cha bunduki ya 1871 hakikufanywa kustahimili nguvu hiyo.

Iko na hatari iliyojificha. Bunduki ya Wadachi ya mwaka 1888 ilifanyiwa risasi ya upana wa karibu milimita 8.1. Tangu mwaka 1903 walianza kutumia risasi mpya, karibu milimita 8.2. Kwa macho maganda yake ni mamoja. Lakini risasi mpya ikisukumwa katika mtutu wa zamani hubanwa, nguvu ya baruti huzidi, na bunduki yaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo bunduki zilizorekebishwa zilipigwa chapa ya herufi S.

Wakubwa wa vita walilijua jambo hili. Mwezi wa Aprili 1915 meli Rubens ilipigwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na risasi zake zikalowa maji ya chumvi. Wadachi walizifungua, wakaikausha baruti, wakazijaribu. Zilizo bora waliwekea bombomu. Zilizo mbaya zikawa za mazoezi. Risasi zao zilipopungua, walibadili bunduki zenyewe, wakachukua za adui pamoja na risasi zake. Basi walipoweka silaha chini Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizotoa, zaidi ya elfu moja, zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Wasomaji wetu, mafunzo haya yatufaa hata leo. Mwenye bunduki ya zamani kwa kibali na asome chapa ya mtutu na maandishi ya chini ya ganda, kisha fundi aipime kabla haijapigwa. Wasipopatana katika hayo, risasi ile na iachwe. Na mkulima akichimbua risasi shambani, asiigonge wala asiitie motoni, wala watoto wasiichezee. Aiache palepale, awaite polisi. Kutu haiondoi nguvu ya baruti. Vita vile vilikwisha mwaka 1918, lakini risasi iliyosalia haijui ya kuwa amani imekuja.