Koltani, ukubwa wa atomu, na mkimbizi aliyeueleza



Wengi wetu tumetoka Kivu. Koltani tunaijua: tumeona ndugu zetu wakiichimba, tumeona watu wakiuana kwa ajili yake. Ila swali moja hatukuwahi kuuliza: kwa nini ndani ya jiwe hilo kuna metali mbili, niobiamu na tantalamu, zinazokaa pamoja namna hiyo?

Hata wataalamu zilikuwa zimewachanganya. Niobiamu iligunduliwa 1801, tantalamu 1802. Mwaka 1809 Mwingereza William Wollaston akasema ni kitu kimoja. Ilibidi kungoja mpaka 1844, Mjerumani Heinrich Rose alipoonyesha kwamba ni mbili.

Siri iko kwenye ukubwa wa atomu. Mwaka 1870 Lothar Meyer alichora nafasi inayochukuliwa na atomu za kila elementi, na mchoro wake ukapanda na kushuka kama vilima vya Masisi. Leo tunajua sababu. Ukishuka chini kwenye jedwali la elementi, atomu inakuwa kubwa, maana kila hatua inaongeza ganda jipya la elektroni. Ukienda kulia kwenye mstari mmoja, kwa kawaida inapungua, maana protoni zinaongezeka kwenye kiini na kuvuta elektroni kwa nguvu zaidi.

Sasa, tantalamu iko chini ya niobiamu. Si ingekuwa kubwa zaidi? Lakini zinalingana karibu kabisa! Kumbe mstari wa tantalamu unapita kwanza kwenye elementi 14 za ziada, za kundi la lanthanidi. Protoni 14 zinaongezeka, na elektroni zinazoingia hapo hazizuii vizuri mvuto wa kiini. Atomu zinanywea kidogo kidogo, mpaka ule ukubwa wa ganda jipya unamezwa. Na vitu vyenye ukubwa sawa na tabia sawa vinaweza kukaa nafasi ile ile ndani ya madini.

Aliyekupa jina kunywea huko, 1925, ni Victor Goldschmidt, akiwa Oslo, Norwei. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Zürich. Mwaka 1929 alihamia Göttingen, Ujerumani. 1935 akaondoka kwa sababu ya Wanazi, akarudi Norwei. Vita vikamfuata huko huko. Mwaka 1942 alikamatwa. Novemba, akiwa tayari bandarini kupakiwa kwenye meli ya waliopelekwa Auschwitz, akaachiwa, maana wakubwa waliona elimu yake ya madini bado inawafaa. Desemba akavuka mpaka kwenda Uswidi, kisha Uingereza.

Meli ile iliondoka na watu zaidi ya 500. Wachache mno walirudi. Kwa hiyo hatusemi kwamba elimu inaokoa kila mtu; waliopanda meli nao walikuwa na elimu zao.

Tunachosema ni kwamba jiwe lililotutoa nyumbani tulikuwa tunalijua kwa bei yake tu. Wanaolinunua wanalijua mpaka ndani ya atomu. Na sisi tuanze kulijua hivyo hivyo. Chukueni daftari, mchore jedwali, mtafute niobiamu na tantalamu. Mwenye kufundisha kemia hapa kambini, karibu utusahihishe.