Saa Zilizookolewa Angani

Nikisubiri ndege Lodwar, vumbi limefunika uwanja, hujiuliza: marubani waendao Kakuma walijifunza wapi kuamini vipimo wakati macho hayaoni? Kisa kinaanzia mbali. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua. Marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua mashine 6 za Edwin Link, za kujifunzia urushaji ukiwa chini. Zilifaa kiasi gani? Mwaka 1971 Stanley Roscoe alitoa hesabu: saa 10 za mashine zikiokoa 5 za angani, kila saa ni nusu. Ila saa za mwanzo huokoa zaidi. Za baadaye, kidogo tu. Na rubani wa kivita je? Hapo pagumu, jamani: adui wa kwenye mashine haui mtu.