Umehitimu, cheti hakijatoka: kinakwama wapi?

Mahafali mengi ya vyuo vikuu nchini hufanyika Novemba na Desemba. Joho linarudishwa, picha inatundikwa ukutani kule Urambo au Sikonge, kisha mzazi anaanza kuuliza: cheti kiko wapi? Swali hili tunaulizwa mara nyingi, basi leo tulieleze.

Karatasi hiyo haina mbadala. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji aambatanishe cheti cha shahada na transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake. Matangazo hayohayo husema wazi kwamba matokeo ya muda hayatakubaliwa, wala zile hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita. Nafasi hukaa wazi wiki mbili hivi, ikifungwa imefungwa. Mwenye barua ya chuo tu, hata awe amefaulu namna gani, anabaki nje. Ukali huu haukuzuka hivihivi: Aprili 2017 uhakiki ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na Rais John Magufuli akaagiza waondolewe kazini.

Matokeo ya mwaka wa mwisho si rasmi mpaka Seneti ya chuo iyapitishe. Baada ya hapo ndipo vyeti huchapishwa na kutiwa saini. Kwa waliosoma chuo kishiriki, kama AMUCTA hapa Tabora, shahada hutolewa na chuo mama, SAUT cha Mwanza. Uliza mapema utakichukulia wapi.

Lakini kuna vyeti vinavyokwama kwa sababu ya deni au jina, na mhitimu hana habari.

Deni kwanza. Kabla ya kupewa cheti, mhitimu huzungusha fomu maktaba, bwenini na kwa mhasibu ili ithibitishwe kuwa hadaiwi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo mara nyingi haulipi ada yote, na kilichobaki ni cha familia. Mkulima wa tumbaku anayesubiri malipo ya AMCOS anajua jinsi salio hilo linavyoweza kulala miaka mitatu. Mkopo wenyewe usikutishe: huo unarejeshwa kwa Bodi baadaye, si deni la chuo.

Jina ndilo linalotuuma zaidi, maana ni kosa dogo. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hamisi, chuoni umejiandikisha Hamis ukaongeza na jina la babu. Kwa anayehakiki, hao ni watu wawili. Sahihisha ungali mwanafunzi, majina yafuate cheti cha Baraza la Mitihani. Ukishahitimu utahitaji hati ya kiapo, na foleni inaanza upya.

Kama hudaiwi, jina liko sawa na bado unazungushwa, acha kupiga simu tu. Andikia ofisi ya taaluma barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, ipeleke nakala hiyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), inayosimamia vyuo vikuu vyote, vya serikali na vya binafsi.

Na kabla ya kukata tiketi, hakikisha kwanza kwamba cheti kimeshafika, na uulize kama ndugu anaruhusiwa kukuchukulia. Vyuo vingi humtaka mwenyewe, na kitambulisho mkononi.