Nani Ashike Sanduku la Jimbo?

Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme twasoma habari ya mfalme Roboamu, mwana wa Salomoni. Baba yake alikuwa amejenga sana: Hekalu, majumba na maboma. Mzigo wa kazi hizo uliwaelemea watu. Salomoni alipokufa, makabila ya kaskazini yalimwendea mwana wake kumwomba neno moja tu, apunguze mzigo. Wazee wa baraza walimshauri akubali. Vijana waliolelewa pamoja naye walimshauri auzidishe, naye akawafuata vijana. Kisha akamtuma msimamizi wa kazi za lazima kwa watu wale wale, nao wakampiga mawe hata akafa. Hivyo ufalme ukakatika vipande viwili, wala haukuungana tena.

Twaona basi kwamba inchi haivunjwi na mikuki peke yake. Yaweza kuvunjwa na kodi. Na swali la kodi si swali la kiasi tu. Ni swali la kujua nani aiamua, nani aishika, na nani amwuliza mwenye kuishika. Sisi Wakongo twalijua swali hili vizuri, maana limetusumbua tangu zamani za babu zetu. Tulifuate hatua kwa hatua.

Kodi bila sauti

Zamani za Leopold II watu walilipa kwa jasho: mpira, vyakula, kubeba mizigo. Amri ya mwaka 1903 ilisema kwamba mtu afanyie Serikali kazi ya saa 40 kwa mwezi. Lakini mahali pengi kazi ya mpira ilipita saa hizo mara nyingi, na walioshindwa waliteswa. Mwaka 1908 Ubelgiji ulitwaa inchi, na tangu mwaka 1910 ilitoka sheria ya kodi ya fedha. Kila mwanamume mzima alilipa franka zake, na mwenye wake wengi aliongezewa. Asiyelipa alijua njia ya buloko.

Hatukatai kwamba sehemu ya fedha ile ilijenga barabara na hospitali. Lakini hesabu ya mapato na matumizi ya Kongo ilipitishwa kila mwaka na wabunge wa Brussels. Aliyelipa alikuwa hapa, aliyeamua alikuwa kule, na mlipaji hakuwa na mlango wa kubisha.

Hata Wazungu wa Katanga walinung’unika. Mkoa ule ulikuwa na utawala wake wa namna ya peke yake tangu Comité Spécial du Katanga ya mwaka 1900, na tangu 1910 ulikuwa na mkubwa wake, naibu wa Guverneri Mkuu. Matengenezo ya mwaka 1933 yaliondoa daraka hilo na kukusanya amri zote Léopoldville. Wazungu wa Elisabethville wakasema: shaba yatoka kwetu, fedha yaenda kwa wengine. Wazungu wale walikuwa wachache, lakini neno lao la uchungu halikufa. Chama cha Conakat kilipoanzishwa mwezi wa Oktoba 1958, kililipokea kama urithi.

Jimbo lililoondoka na sanduku

Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 iliipa Kongo majimbo sita, kila moja na bunge lake na serikali yake. Forodha, sarafu na jeshi vilibaki kwa serikali ya Léopoldville. Uhuru ukaja tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu baadaye, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kampuni ya Union Minière ikalipa kodi zake Elisabethville, na serikali ya inchi nzima ikapoteza sehemu kubwa ya mapato yake. Mwezi wa Agosti Albert Kalonji aliitenga Kasai ya Kusini, inchi ya almasi.

Haki itutake kusema kwamba fedha haikuwa sababu ya peke yake. Hofu za makabila zilikuwako, na ushindani wa viongozi, na mikono ya wageni wenye faida katika migodi. Lakini sanduku lilikuwa katikati ya ugomvi. Matunda yake twayajua: vita, wakimbizi, askari wa Umoja wa Mataifa, na Waziri Mkuu Patrice Lumumba kuuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961. Kujitenga kulikwisha mwezi wa Januari 1963.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Katika Katanga yenyewe, Baluba wa kaskazini, wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, hawakukubali. Waliasi, na vijiji vingi vikateketezwa. Basi aliyekataa kugawana na ndugu wa mbali aliwaona ndugu wa karibu wakimkataa yeye. Ukiisha kusema “mali yangu ni yangu tu”, neno hilo halina mwisho. Litaingia katika wilaya, kisha katika mtaa, kisha katika nyumba.

Sanduku moja, mkono mmoja

Baada ya hapo inchi ilijaribu njia nyingine. Tangu mwaka 1962 majimbo yaligawanywa hata yakafika 21, na katiba iliyoandikwa Luluabourg, mji ambao sasa ni Kananga, ikayapa madaraka makubwa mwaka 1964. Idadi ya wabunge na mawaziri ilipanda upesi, lakini mapato hayakupanda pamoja nao. Watu wakaona bunge jipya, mshahara mpya, na daraja lile lile lililovunjika.

Jenerali Mobutu alipotwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, wengi walishangilia. Katika mwaka 1966 majimbo yalipunguzwa kutoka 21 kuwa 12, kisha 8 pamoja na mji wa Kinshasa. Katiba ya mwaka 1967 ilikaza kamba. Mabunge ya majimbo yakaondolewa, na maguverneri wakateuliwa kutoka juu, mara nyingi wakapelekwa mahali pasipo kwao. Twakiri kwamba matengenezo hayo yalituliza ugomvi wa mipaka, na watu wengi walijifunza kujiita Wakongo kabla ya kutaja kabila.

Lakini fedha zote zilipanda mto na hazikushuka tena. Guverneri aliyetaka kutengeneza kivuko alisubiri barua ya Kinshasa. Hakumwogopa mlipaji wa kodi, maana mlipaji hakumchagua; alimwogopa aliyemteua. Kufika miaka ya 1990 barabara zilikuwa zimemezwa na majani, na wazazi ndio waliomlipa mwalimu wa watoto wao, hata katika shule zetu za Eklezia. Huo ulikuwa ushuru kweli, ila hakuna bunge lililoupitisha wala hesabu iliyosomwa mbele ya watu.

Tumeona basi mitaro miwili kandokando ya njia. Mtaro wa kwanza ni jimbo kuondoka na sanduku. Mtaro wa pili ni mtu mmoja kukalia masanduku yote.

Njia ya mwaka 2006

Katiba iliyokubaliwa kwa kura ya watu mwezi wa Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, ilitaka kupita katikati. Inalipa kila jimbo bunge linalotunga sheria za jimbo na kuisimamia serikali yake. Wabunge hao ndio wanaomchagua guverneri. Yasema kwamba fedha za jimbo na fedha za serikali kuu ni mbali mbali. Yawapa wabunge kodi zao wenyewe, kama kodi ya ardhi na majengo, kodi ya mapato ya kupangisha nyumba, na kodi ya magari.

Kisha yaja mashauri mawili makubwa. Kifungu cha 175 chasema kwamba katika mapato ya taifa majimbo yapate sehemu 40 katika 100, nazo zikatwe pale pale zinapokusanywa. Kifungu cha 181 chaweka sanduku la kusawazisha, litakalopokea sehemu 10 katika 100 ya mapato ya taifa, ili kuyainua majimbo yaliyobaki nyuma. Sheria ya mwaka 2008 ikaongeza kwamba jimbo nalo litoe 40 katika 100 ya fungu lake kwa miji, komini, sekta na machifu. Maana yake, katika kila franka 100 za namna hiyo, 40 ni za jimbo na mitaa yake, na katika hizo 40, franka 16 zapaswa kufika chini kabisa.

Kwa nini maneno “zikatwe pale pale” yana uzito? Tutoe mfano wa kapela ya kijiji. Sadaka ya Dominika ikihesabiwa mbele ya waamini, na fungu la kapela likabaki mezani kabla ya lingine kwenda misioni, kila mtu ajua kilichopo. Lakini sadaka yote ikipelekwa kwanza, na kapela ikaambiwa ingoje kurudishiwa, itapata kiasi gani, na lini? Itapata kadiri ya moyo wa mwenye kurudisha. Ndivyo ilivyokuwa. Mabunge ya majimbo yalianza kazi mwaka 2007, na tangu mwaka ule huo ugomvi ukazuka. Kinshasa ilikusanya yote, kisha ikarudisha sehemu, tena pungufu ya ile 40. Wakubwa walijibu kwamba mishahara ya watumishi wa Serikali wa majimboni yalipwa na Kinshasa, nayo ihesabiwe. Maguverneri walijibu kwamba katiba haikusema hivyo. Mkono mtupu haulambwi, na bunge lisilo na fedha lasikilizwa na nani?

Lakini tusilie upande mmoja. Sehemu kubwa ya mapato ya taifa huingia kwa milango michache: Matadi kwenye meli, Kasumbalesa kwenye malori ya shaba, na Kinshasa penye makampuni. Kitambaa anachokivaa mama wa Kisangani chaweza kuwa kimelipiwa ushuru Matadi. Je, ushuru ule ni jasho la Kongo ya Kati peke yake? Hapana, mama wa Kisangani ameulipa ndani ya bei. Kwa hiyo kukata penye chanzo bila sanduku la kusawazisha ni kumpa mwenye mlango mali ya mwenye nyumba. Vifungu hivi viwili ni kama miguu miwili. Mmoja ukikatwa, mwingine hautembei.

Mwaka 2015 swali lilirudi kwa sura nyingine. Majimbo 11 yaligawanywa yakawa 26. Katanga ya zamani ikawa majimbo manne: Haut-Katanga na Lualaba yakabaki na migodi mikubwa, Haut-Lomami na Tanganyika yakabaki na mashamba, ziwa na barabara mbovu. Mwaka 2018 sheria mpya ya madini iliweka kwamba ushuru wa madini ugawanywe hivi: 50 katika 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo la mgodi, 15 kwa mtaa wa mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni vizuri wenye kumeza vumbi la mgodi wapate fungu. Lakini Kalemie na Kamina, zilizokuwa jimbo moja na Kolwezi, zilibaki zikitazama ng’ambo ya mpaka.

Wajibu wa pande mbili

Eklezia ilitufundisha kanuni ya jambo hili zamani. Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Quadragesimo anno ya mwaka 1931, alieleza kwamba si haki chama kikubwa kuwanyang’anya wadogo kazi wanayoiweza; mkubwa yuko kuwasaidia, si kuwameza. Lakini Eklezia hiyo hiyo yafundisha kwamba mali ya dunia Mungu aliwapa watu wote. Kanuni ya kwanza yamkanya Roboamu. Ya pili yamkanya mwenye kukimbia na sanduku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wabunge wa majimbo nao wana deni kwetu. Mahali pengi, fedha za juu zilipokawia, majimbo na mitaa yalizidisha vijiushuru. Bariera iliwekwa njiani, kisha nyingine, hata mama mwenye kikapu cha mihogo akafika sokoni amekwisha kulipa faida yake yote. Madaraka yaliyoshuka kutoka Kinshasa yakamwangukia yeye badala ya kumwinua. Kushusha madaraka bila kushusha hesabu ni kubadili bwana tu.

Basi, ndugu wasomaji, sisi tunaofundisha katika vijiji twapenda watu wetu wajifunze maswali manne, wamwulize mbunge wao wa jimbo atakapokuja na nguo nzuri kuomba kura. Jimbo letu limepokea kiasi gani mwaka huu? Limekusanya lenyewe kiasi gani? Fungu la sekta yetu liko wapi? Na mliandika katika bajeti kwamba mtatengeneza nini, nasi tukakione? Asiyeweza kuyajibu asituletee khadija ya maneno wala chumvi ya bure. Chumvi ile tumekwisha kuilipa.