Hofu Moja, Hukumu Mbili: Historia Linganishi ya Kalsitonini na Teriparatidi katika Tiba ya Udhaifu wa Mifupa

Historia ya dawa za peptidi zinazotibu mifupa husimuliwa mara nyingi kama safari ya ugunduzi: homoni inatambuliwa, inatengenezwa, kisha inaingia hospitalini. Masimulizi hayo hayaelezi kwa nini dawa mbili zilizohusishwa na saratani zilihukumiwa tofauti. Insha hii inalinganisha kalsitonini na teriparatidi, na inatetea hoja kwamba hatima ya kila moja iliamuliwa hasa na uzito wa ushahidi wa manufaa uliowekwa kwenye mizani dhidi ya hofu hiyo.

Kalsitonini ilitambuliwa na Harold Copp nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1960. Copp alidhani kuwa inatoka kwenye tezi za parathiroidi. Baadaye ilithibitika kuwa, kwa mamalia, hutoka kwenye tezi ya thiroidi. Homoni hiyo yenye asidi amino 32 huzuia seli zinazomomonyoa mfupa. Kalsitonini ya samaki samoni ilionekana kuwa na nguvu kuliko ya binadamu, nayo ndiyo iliyoenea kama dawa. Marekani iliidhinisha dawa yake ya kupuliza puani mwaka 1995.

Teriparatidi, kwa upande wake, ilizaliwa na kitendawili. Homoni ya parathiroidi ilijulikana kwa kutoa kalsiamu mifupani. Hata hivyo, mwaka 1929 Bauer, Aub na Albright waliona dondoo la tezi hizo likiongeza mfupa kwa panya. Ilikuja kueleweka kwamba homoni ikizidi mfululizo humomonyoa mfupa, ilhali dozi ndogo ya mara moja kwa siku huchochea seli zinazoujenga. Teriparatidi ni asidi amino 34 za mwanzo kati ya 84 za homoni kamili.

Ushahidi wa kitabibu wa dawa hizi haukulingana. Jaribio la kalsitonini lililochapishwa mwaka 2000 lilihusisha wanawake 1,255. Dozi ya yuniti 200 ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili za uti wa mgongo kwa asilimia 33, lakini dozi ya 400 haikuonyesha nafuu ya kuaminika kitakwimu, na zaidi ya nusu ya washiriki walijitoa. Jaribio la teriparatidi la mwaka 2001, lenye wanawake 1,637, lilionyesha punguzo la asilimia 65 kwa dozi ya mikrogramu 20, ingawa lilisitishwa mapema baada ya panya waliopewa dawa hiyo kupata saratani ya mifupa.

Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha teriparatidi, ikiambatanisha onyo kali na ukomo wa miaka miwili ya matumizi. Onyo hilo liliondolewa mwaka 2020. Kinyume chake, mwaka 2012 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipendekeza kalsitonini isitumike tena kwa udhaifu wa mifupa, baada ya majaribio kuonyesha ongezeko dogo la saratani kwa watumiaji wa muda mrefu.

Inaweza kupingwa kwamba tofauti hii inatokana na aina ya ushahidi wa madhara: kwa teriparatidi ulitoka kwa panya, kwa kalsitonini ulitoka kwa binadamu. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshelezi. Wakala huohuo uliiruhusu kalsitonini iendelee kutumika kwa muda mfupi katika hali kama ugonjwa wa Paget, kwa wagonjwa wasiofaa kupewa tiba nyingine. Peptidi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni muda wa matumizi na manufaa yaliyotarajiwa. Aidha, jopo la washauri nchini Marekani lilipojadili suala hilo mwaka 2013 liligawanyika kwa kura 12 dhidi ya 9, na dawa hiyo ikabaki sokoni nchini humo.

Kwa hiyo, mwanahistoria anayesoma maonyo ya usalama peke yake anasoma nusu ya kumbukumbu. Nusu ya pili imo katika majaribio ya manufaa, na huko ndiko udhaifu wa kalsitonini ulikuwa umekwisha kuandikwa miaka 12 kabla ya hukumu.